DHAMANA YA TABIBU NA HAKI YA ALIYEDHURIKA

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyi Ezi Mungu, aliyeteremsha maradhi akateremsha na dawa yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baada ya haya:

Kuna suala liulizwalo sana misikitini na mabarazani, na jawabu lake mara nyingi hutolewa kwa haraka kabla ya kufikiriwa. Sura yake ni hii. Mtu, aitwe Zeidi kwa desturi ya vitabu vya fiqhi, amempeleka mkewe hospitali kujifungua. Uzazi umekuwa mzito, mama akapasuliwa tumbo, akashonwa, akarudishwa nyumbani. Siku zikapita, tumbo likavimba, na homa haikumwacha. Alipopasuliwa mara ya pili, mahali pengine, kikaonekana kitambaa kilichosahauliwa ndani. Amepona, walakini kizazi kimeondolewa, wala hatazaa tena. Akataka kushitaki apate fidia. Wazee wa ukoo wakamkataza. Wakasema: hiyo ni kadari, na mwenyi imani husubiri, tena tabibu hakukusudia ubaya, tena fedha ya namna hiyo ni haramu, kwani ni kuuza mwili. Mumewe akaona haya, akaenda kwa tabibu akamwambia, "Yamekwisha, tumekusamehe."

Je, wazee wamesema kweli? Na huyo mume, amesamehe kitu cha nani?

KADARI

Kuamini kadari ni nguzo katika nguzo za imani, na lililompata mama huyu halikuwa la kumkosa. Lakini kadari husemwa na aliyepatwa ili moyo wake utulie. Haisemwi na aliyetenda ili mkono wake usidaiwe. Mbuzi wa jirani akiingia shambani akala mihogo, hapana mzee amwambiaye mwenyi shamba anyamaze kwa kuwa ni kadari. Huitwa mwenyi mbuzi akalipa, na watu wote huona kuwa hiyo ndiyo haki. Basi itakuwaje muhogo uwe na mwenyewe, na tumbo la mwanamke lisiwe na mwenyewe?

Na Qurani yenyewe imelikata shauri hili. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 92, yatajwa hukumu ya Muislamu aliyemuua mwenziwe kwa kukosea: ni juu yake kafara, na diya ipelekwe kwa jamaa za maiti, illa wao wenyewe wakiiacha iwe sadaka. Aliyekufa amekufa kwa ajali yake aliyoandikiwa, na juu ya hayo diya imelazimu. Tena aya hii yamhusu asiyekusudia. Kwa hiyo neno la kwamba tabibu hakukusudia humwondolea dhambi ya kukusudia, wala halimwondolei dhamana. Dhambi ni baina ya mja na Mola wake. Dhamana ni baina ya mja na mja.

Wamepokea wanazuoni kwamba Sayyidna Umar, naye ni Khalifa, alimwita mwanamke mjamzito. Kwa hofu ya kuitwa, mimba yake ikaharibika. Baadhi ya waliokuwapo wakamwambia Khalifa kwamba hana lawama, kwani kazi yake ni kutia watu adabu. Sayyidna Ali akasema kwamba wamekosea, na kwamba diya ya mtoto yule i juu yake. Umar akaikubali hukumu. Hakusema kuwa ni kadari, na hapana aliyeijua kadari kumshinda yeye.

TABIBU GANI HUDAIWA

Imepokewa katika vitabu vya Abu Daud, Nasai na Ibn Maja kwamba Mtume (S.A.W.) amemjaalia kuwa ni mdhamini kila ajitiaye katika utabibu hali hakujulikana kuwa ana elimu yake. Na Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akapatwa na janaba, wenziwe wakampa fatuwa kuwa hana ruhusa ila aoge kwa maji, akaoga, akafa. Mtume alipopata habari aliwakasirikia sana, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, akawafunza kwamba asiyejua ponyo lake ni kuuliza. Wala hapana shaka kuwa wenziwe wale walimtakia mema.

Hayo ni ya asiyejua. Amma ajuaye, Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra (820), ametoa kipimo kilicho wazi. Mtu akimwamuru mpiga chuku ampige chuku, au ngariba amtahirie mwanawe, ikatokea madhara, hutazamwa kazi yenyewe. Ikiwa amefanya yafanywayo na watu wa kazi ile wakitaka kheri ya mgonjwa, hana dhamana. Na ikiwa amefanya kinyume cha hayo, naye ni mjuzi, basi ni mdhamini. Ajabu ni kwamba mwaka 1957 mahakama moja ya London ilipima kosa la tabibu kwa kipimo kilicho karibu sana na hiki, yaani desturi ya wajuzi wa kazi ile. Na kipimo cha Imamu kilikuwa kimekwisha andikwa miaka zaidi ya elfu.

Akaja Ibn Qayyim, aliyefariki mwaka 751 (1350), akawagawa matabibu mafungu matano. Mjuzi aliyepewa idhini, akaitimiza kazi yake kwa haki yake, kisha yakatokea madhara, hana kitu juu yake. Mjinga hulipa. Mjuzi aliyekosea katika kukata shauri la dawa, kuna kauli mbili: diya itoke katika Baitulmali au kwa jamaa zake. Mjuzi aliyefanya bila ya idhini hulipa. Na mjuzi aliyepewa idhini, lakini mkono wake ukateleza ukafika pasipokusudiwa, kama ngariba apitishaye kisu mpaka wake, huyu naye ni mdhamini, kwa sababu ni jinai ya kukosea.

Katika fungu hili la mwisho ndimo liingiamo suala la mke wa Zeidi. Kuacha kitambaa tumboni si namna ya matibabu waliyohitilafiana wajuzi. Watu wa kazi ile huvihesabu vitambaa vyao kabla ya kushona, ili jambo hilo hilo lisitokee.

Lakini yapasa insafu kwa tabibu pia. Si kila afaye hospitali ameuawa, wala si kila asiyepona ametibiwa vibaya. Tabibu aweza kufanya yote yapasayo na maradhi yakamshinda. Kumshitaki huyo ni dhulma, na dhulma ya aina hii hurudi kwa wagonjwa. Kwani tabibu akiona kuwa kila ajali atadaiwa yeye, atawaepuka wale walio hatarini zaidi, nao ndio wenyi haja naye. Kwa hiyo ni juu ya mdai kuleta dalili: vyeti vya hospitali, na ushahidi wa matabibu wengine waadilifu. Pasipo dalili, na anyamaze au aulize kwanza.

FEDHA NA MSAMAHA

Neno la wazee kwamba fidia ni kuuza mwili halina asili. Sharia yenyewe ndiyo iliyoweka diya ya nafsi na malipo ya kiungo na jeraha. Na Sharia haiamrishi haramu. Lililo haramu ni kusema uwongo, na kuongeza jeraha lisilokuwako ili kuongeza mali.

Lakini kosa kubwa zaidi ni lile la mume. Mwili uliodhurika ni wa mkewe, na haki yake ni ya mkewe. Si ya mume, wala si ya baba, wala si ya ukoo. Mtu hawezi kusamehe deni la mwenziwe, kama asivyoweza kutoa sadaka mali isiyokuwa yake. Zeidi alipotamka kuwa amesamehe hakusamehe kitu; amemnyamazisha mkewe tu, akaita kunyamaza huko msamaha.

Ni kweli kwamba msamaha ni bora. Katika Sura ya Shura, aya ya 40, asameheye na kusuluhisha ameahidiwa ujira kwa Mwenyi Ezi Mungu. Lakini aya hiyo yaanza kwa kuithubutisha haki, kisha ndipo inapotaja msamaha. Kwani asiyepewa haki hana cha kusamehe. Basi kwanza mama aambiwe kweli yote ya lililotendeka. Na tabibu amchaye Mungu humwambia mwenyewe kabla ya kuulizwa. Kisha achague: kudai, au kusuluhu, au kusamehe. Na hatta akisamehe mali, lisifichwe kosa lenyewe kwa wenyi kuisimamia hospitali, ili mwanamke ajaye asipatwe na lilo hilo.

Waislamu wa Kenya na wajue kwamba mahakama ya Kadhi, kwa Katiba ya mwaka 2010, husikiliza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Dai hili hupelekwa mahakama ya kawaida, na malalamiko juu ya tabibu hupelekwa kwa Baraza la madaktari. Na muda una mpaka: kwa kawaida ni miaka 3, na dhidi ya Serikali ni miezi 12. Kwa hivyo wazee wamwambiao mwenyi haki asubiri huenda wakamsubirisha mpaka haki yake imekwisha. Subira iliyosifiwa ni ya moyo usiokata tamaa kwa Mola wake. Nayo yaweza kukaa pamoja na dai katika kifua kimoja.

Mwenyi Ezi Mungu awaponye wagonjwa, aiongoze mikono ya matabibu, na awajaalie waliodhurika kupata haki zao. Amin.