Kasisi Aliyevutwa kwa Siku 40



Somo letu ni 1 Wakorintho mlango wa 12, lakini twaomba mrudi nyuma kidogo, mpaka mlango wa 9. Hapo Mtakatifu Paulo atufananisha na wanariadha wanaoshindana uwanjani kwa ajili ya taji. Mfano huo twaupenda. Twausikia siku za Kipaimara, twausikia shuleni, na watoto huuelewa upesi kwa sababu kila mtoto akimbiapo hutaka awe wa kwanza. Ila milango mitatu mbele Mtume yule yule abadili mfano. Hasemi tena habari za mkimbiaji, asema habari za mwili. Na katika mwili mguu hauwezi kufika nyumbani kabla ya jicho.

Je, mifano hii miwili yapatanaje? Wako watu walioyaishi maneno haya mahali pa baridi kuliko pote duniani, na habari zao zafaa zisomwe kanisani.

Mashindano yajulikanayo sana ya Antaktika, lile bara la barafu la kusini, ni yale ya kufika kwenye Ncha. Roald Amundsen wa Norwei alifika tarehe 14 Desemba 1911. Robert Scott wa Uingereza alifika siku 34 baadaye, naye pamoja na wenzake wanne wakafa njiani wakirudi. Mshindi alikuwa mmoja, kama asemavyo Paulo. Lakini sisi twataka kuwaeleza habari za kundi jingine, ambalo halikupata taji lolote.

Mwaka 1914 Ernest Shackleton alikusudia kulivuka bara lile zima kwa miguu, toka pwani moja hata ya pili. Chakula cha safari yote kisingaliweza kubebwa. Kwa hiyo meli mbili zilitumwa. Yeye mwenyewe alikwenda upande mmoja katika meli ya Endurance, na watu wengine walikwenda upande wa pili katika meli ya Aurora, wamwekee akiba ya chakula na mafuta njiani, ili akija amechoka aikute. Kazi yao haikuwa ya kufika popote penye sifa. Ilikuwa kazi ya kumwandalia mwingine meza.

Mwezi wa Mei 1915 dhoruba ilizikata amari za Aurora, meli ikachukuliwa na barafu, ikaenda zake na sehemu kubwa ya vyakula na nguo. Watu 10 waliachwa nchi kavu, ikiwa barafu yaweza kuitwa nchi kavu. Wakashona suruali kwa turubai la mahema makuukuu yaliyoachwa na watu wa Scott. Hawakujua kama meli ile i hai au imezama. Hata hivyo, Septemba walianza safari ya kuweka akiba, kwa maana walijua kwamba Shackleton asipokikuta chakula, atakufa. Mmoja wao, Ernest Wild, alikuwa na sababu zaidi, kwani ndugu yake Frank alikuwa pamoja na Shackleton.

Kati yao alikuwamo kasisi wa Kianglikana, Arnold Spencer-Smith, aliyekuwa kasisi na mpiga picha wa safari ile. Alivuta sleji kama wengine, yaani lile gari la kuteleza lisilo na magurudumu, watu wakijifunga kamba kama ng'ombe wa plau. Mwezi wa Januari 1916 miguu yake ilishindwa. Alikuwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vyakula vibichi: ufizi huvimba, miguu huwa myeusi, nguvu huisha. Aliwaambia wenzake wamwache hemani, waende kuweka akiba ya mwisho. Wakamwacha. Alikaa humo peke yake kwa juma zima, amelala, akingoja. Tarehe 29 Januari walirudi kumchukua.

Hapa ndipo twapenda tukae kidogo.

Walikuwa watu sita, na mbele yao mamia ya kilometa. Walibaki na mbwa wanne tu. Kila mmoja wao alikuwa na dalili za kiseyeye. Wakamweka kasisi juu ya sleji wakamvuta, siku baada ya siku. Punde kiongozi wao, Aeneas Mackintosh, naye akawa hawezi kuvuta. Wakati wa Februari dhoruba ya theluji iliwafungia hemani siku sita, chakula kikaisha, na akiba yao ilikuwa karibu tu mbele yao. Walijua vizuri kwamba Scott alifia hemani namna hiyo hiyo. Basi wakagawana. Joyce, Richards na Hayward walitoka pamoja na mbwa kwenda kutafuta akiba. Wild akabaki kuwauguza wale wawili. Waliokwenda walifika wakishindwa hata kusimama sawasawa, wakala, kisha wakageuka wakarudi kule kule ndani ya dhoruba walikotoka.

Wala msidhani walikuwa malaika. Walikuwa wakigombana. Joyce na Mackintosh hawakupatana tangu mwanzo, na mbwa wengi walikufa katika safari ya kwanza kwa sababu ya uamuzi mbaya. Hili latufariji, kwa maana baraza la kanisa lolote laweza kugombana na bado likavuta kamba moja.

Spencer-Smith alikufa tarehe 9 Machi 1916, siku 40 tangu walipomtoa hemani, ikibaki safari fupi tu kufika kwenye kibanda na nyama mbichi ya sili ambayo ingemponya. Wenzake walishuhudia kwamba hakunung'unika. Walimzika barafuni. Mackintosh waliyekuwa wamemwacha nyuma siku moja kabla, kwa kuwa hawakuweza kuwavuta wawili, walimrudia wakamfikisha. Miezi miwili baadaye yeye na Hayward walitoka kuvuka barafu nyembamba ya bahari, wasionekane tena.

Na Shackleton? Hakuja. Endurance ilikuwa imebanwa na barafu ikazama Novemba 1915, kabla hata akiba ya mwisho haijawekwa. Alipofika kwa Aurora tarehe 10 Januari 1917 kuwachukua, waliobaki walikuwa saba, na chakula kile hakikuliwa na yule kilichowekewa.

Mtu aweza kusema ilikuwa kazi bure. Tumelifikiri neno hilo, nasi hatukubaliani nalo, ingawa hatutaki kulipamba. Mauti yale yalikuwa mauti kweli. Lakini mwili hauhesabu hivyo. Hakuna mkono unaouliza kwanza kama jicho litapona ndipo uliguse kwa upole. Paulo asema viungo tunavyovidhania kuwa dhaifu ndivyo tusivyoweza kuishi bila hivyo. Hasemi ni kwa sababu vitatulipa.

Katika mtaa wetu wako walioanguka hivi. Mama aliyepooza, ambaye zamani alikuwa akipanga maua ya altare. Mzee asiyeona tena kitabu cha nyimbo. Kijana aliyerudi mjini mgonjwa na jamaa yake wanaona aibu. Wengi wao husema maneno yale yale ya Spencer-Smith, kwamba tuwaache tuendelee. Wanasema kweli, nao wanatupenda. Swali ni kama tutarudi.

Komunyo Takatifu hupelekwa kwa wagonjwa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada ya pili. Wanaofuatana na padre kwa kawaida ni wawili, nao wenyewe ni wazee, na nyumba zimekuwa nyingi. Anayeweza kubeba kikapu au kushika taa na abaki mlangoni.