Muhogo wa Mwaka wa Jua

Mjukuu wangu, keti. Hili nimelisema hadi ulimi umechoka, na leo nalirudia kwa kuwa nimeona unga umeshachekechwa wakati makopa ya muhogo hayajamaliza hata siku mbili juani.

Unasema mbegu ni ileile, kwa hiyo hakuna hatari. Kwamba ni ileile, ni kweli. Muhogo hatuupandi kwa punje. Tunakata pingili za mti, na kila pingili ni mama yake mwenyewe, damu moja. Nilizompa shangazi yako kule Mugumu na nilizochomeka hapa Tarime zilitoka shina moja. Mvua ilipokatika, wake ukawa mchungu wa kukunja uso. Wangu wa bondeni watoto waliuchemsha wakanywea chai. Damu ndiyo inayoupa mti uwezo wa kutengeneza sumu, ila ukame huuchochea uzidishe. Bwana shamba aliiita linamarini. Mzizi ukipondwa inavunjika, na sianidi inatoka.

Mchungu una faida yake, sikatai. Ngiri na nyani wa hifadhini hawauvamii kama mtamu, na mwizi hachimbi asichoweza kutafuna njiani.

Mwaka 1985 jua lilitupiga, Rorya ikiwa bado haijamegwa kutoka Tarime. Njaa ikafupisha kazi: twanga, anika kidogo, twanga tena, songa. Kati ya Agosti na Oktoba watu walianza kukakamaa miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto. Madaktari waliohesabu walipata 39. Ugonjwa wenyewe ni konzo, neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Hauna kurudi nyuma. Mtoto anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana, mpaka anazeeka hivyohivyo.

Na ugali mkavu bila dagaa wala maharage ni hatari zaidi, maana mwili huhitaji salfa iliyomo kwenye protini ili kuidhoofisha sianidi. Mlalahoi hukosa mboga mwaka uleule ambao muhogo wake umekuwa mchungu. Hilo ndilo linalonichosha.

Unga usiumwage. Lete maji, loweshea kidogokidogo huku ukiuchanganya, uwe mbichi bila kuwa uji. Utandaze kwenye ungo, unene usizidi nusu ya kidole, kisha uuache kivulini kwa muda wa saa tano nzima ili sianidi ipae. Dirisha liache wazi. Watoto wakilia njaa wape viazi. Ugali tutausonga leoleo usiku, tutie na ulezi kidogo.