Sindano za Kichina na Mwanamke Atakaye Mtoto

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyejaalia maradhi na akajaalia na dawa yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad s.a.w., na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya. Darasa yetu imeletewa suala, nasi tumeona lisijibiwe kwa mdomo tu, kwa kuwa wenye haja nalo ni wengi, na wengi wao huona haya kuuliza. Bibi mmoja yu katika mwaka wa nne wa ndoa yake, wala hajaruzukiwa mtoto. Ada yake ya mwezi haina mpango: mara huja baada ya siku arubaini, mara hukaa miezi miwili asiione, kisha ikija hukawia kukatika. Mavyaa wake amempeleka kwa mganga, akaambiwa ana jini lililomfunga tumbo, na kuwa hapana budi achinjiwe mbuzi mweusi na avae hirizi kiunoni. Shoga yake naye amempa shauri aende kwa tabibu wa sindano za Kichina, iwapo ada itatengenea kwanza, ndipo mimba itafutwe. Mumewe atuuliza: Je, sindano hizo ni halali? Na je, zafaa?

Haya ni masuala mawili, yafaa yasichanganywe. Jambo laweza kuwa halali na faida yake ikawa ndogo.

Tuanze na uhalali. Tiba hii, iitwayo akupancha, ni ya Wachina tangu miaka zaidi ya elfu mbili. Tabibu huchoma sindano nyembamba sana, zisizo na dawa ndani yake, katika mahali maalumu pa mwili, akaziacha kwa muda, kisha akazitoa. Wazee wao walisema kuwa mwilini mna nguvu ipitayo katika njia zake, na sindano huzifungua njia hizo zikizibana. Njia hizo madaktari wa leo hawakuziona katika mwili, wala Muislamu halazimiki kuziamini. Lakini kuchoma sindano si ibada, wala si kumuomba asiyekuwa Mungu. Mtume s.a.w. aliamrisha tujitibu, naye mwenyewe alipigwa chuku. Na alipoulizwa juu ya maneno ya kuzingulia waliyokuwa nayo Waarabu kabla ya Uislamu, alitaka kwanza aonyeshwe, akayaruhusu yasiyokuwa na shirki. Hiyo ndiyo mizani yetu. Tiba isiyokuwa na shirki wala haramu wala dhara, hapana ubaya kuijaribu, ijapokuwa imetoka kwa watu wa dini nyingine.

Wako wapendao kuitetea tiba hii kwa kusema kuwa Mtume s.a.w. ametuamrisha tutafute ilimu hata China. Hadithi hiyo wanavyuoni wameidhoofisha, wala haifai kumnasibishia Mtume neno lisilothibiti, hata likiwa lapendeza. Yaliyo sahihi yatutosha.

Ama mbuzi mweusi na hirizi ya kiunoni, hayo yapimwe kwa mizani hiyo hiyo, yataonekana yameanguka. Kumchinjia jini ni shirki iliyo wazi. Na amwendeaye mpiga ramli akamuuliza, imethibiti katika Hadithi sahihi kuwa Sala yake haikubaliwi siku arubaini. Ajabu yetu ni kuwa nyumba ile ile inayoona shaka juu ya sindano ya Mchina haioni shaka juu ya mbuzi wa mganga!

Sasa tuje kwenye suala la pili: je, zafaa? Hapa hatusemi kwa dhana. Ilivyo ni kuwa mwanamke hushika mimba yai linapopevuka likatoka katika ovari yake. Ada ya mwanamke mzima kwa kawaida huja kati ya siku 21 na siku 35, tangu mwanzo wa damu hii mpaka mwanzo wa ile ifuatayo. Ikiwa yapindukia hapo kila mara, mara nyingi ni dalili kuwa yai halitoki kwa mpango. Sababu ni nyingi: tezi la shingoni kufanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, unene uliozidi au wembamba uliozidi, maziwa ya kunyonyesha, sindano ya kupanga uzazi ambayo athari yake hubaki miezi mingi baada ya kuachwa, na yale maradhi ya ovari ambayo mayai huanza kukua ndani yake yasipevuke. Shirika la Afya la Ulimwengu hukadiria kuwa maradhi haya ya ovari huwapata wanawake kama 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Si jini, wala si jicho, wala si laana ya mtu.

Mwaka 2017 ulitangazwa uchunguzi mkubwa uliofanywa huko huko China, katika wanawake 1000 wenye maradhi hayo wanaotaka watoto. Waligawanywa mafungu manne. Wengine walipewa dawa ya kupevusha yai, iitwayo klomifini, na wengine vidonge visivyokuwa na dawa. Na katika kila upande, wengine walichomwa sindano za kweli na wengine za kuiga. Waliopata klomifini na sindano za kweli, walizaa kama 29 katika kila 100. Waliopata klomifini na sindano za kuiga, walizaa 28. Waliopata sindano za kweli bila ya dawa, walizaa kama 14, na waliopata sindano za kuiga bila ya dawa, kama 17. Mwenye akili ataona mwenyewe: kilicholeta tofauti ni dawa, si sindano. Na walioyasema haya ni Wachina wenyewe, katika tiba ya wazee wao. Hawakuona haya kuipima. Laiti na sisi tungezipima desturi za wazee wetu kwa insafu kama hiyo!

Kwa haki, zipo chunguzi nyingine ndogo zilizoonyesha ada za baadhi ya wanawake kurudi katika mpango baada ya sindano, lakini ushahidi wake ni dhaifu sana, na ada kutengenea si sawa na kupata mtoto. Basi jawabu letu ni hili: atakaye kuzijaribu, azijaribu pamoja na daktari, si mahali pa daktari. Miezi inayopotea kwa kungoja ina thamani, khasa kwa aliyetimiza miaka thelathini na mitano, kwani huyo madaktari humtaka aende akapimwe baada ya miezi sita tu ya kutafuta mimba, na aliye mdogo baada ya mwaka. Na mwenye ada isiyokuwa na mpango asingoje hata huo mwaka. Na akenda kwa sindano, ahakikishe ni mpya, zatumiwa mara moja zikatupwa, kwani sindano chafu huambukiza maradhi ya ini na ukimwi. Atafute tabibu mwanamke. Akikosa, afuatane na mumewe au maharimu wake, wala asifunue ila pahali panapohitajiwa.

Na dawa ya kwanza huenda ikawa haina gharama. Aliyezidi unene, akipunguza hata sehemu moja katika ishirini ya uzito wake, mara nyingi yai hurudi kutoka.

Jambo jingine ambalo wake zetu wameghafilika nalo: sheria imewalazimisha kuzihisabu siku zao. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hedhi haipungui mchana na usiku wake, wala haizidi siku 15, wala tohara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu ikipindukia hapo ni istihadha, na mwenye istihadha husali na kufunga. Bibi Fatima binti Abi Hubaish alimwendea Mtume s.a.w. akamshitakia damu isiyokatika, naye hakumkemea wala hakumwambia ana jini. Alimfahamisha kuwa hiyo ni damu ya mshipa, na akamfundisha siku za kuiacha Sala na siku za kuisali. Basi kila mwanamke na awe na daftari yake. Daftari hiyo itamhifadhia Sala yake, na ndiyo kitu cha kwanza atakachoulizwa na daktari.

Lililobakia ni la waume. Ewe ndugu uliyetuuliza, umesema mengi juu ya mkeo, na juu ya nafsi yako hukusema neno. Je, wewe umepimwa? Madaktari wasema kuwa karibu nusu ya nyumba zisizopata watoto, sababu iko kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Kipimo chake ni chepesi kuliko sindano zote za mkeo. Wangapi wametalikiwa katika miji yetu, wakaolewa na wengine wakazaa, na waliowataliki wakabaki na aibu yao! Mwanamke huyu amebeba maneno ya mavyaa, na hirizi ya mganga, na vitisho vya kuletewa mke mwenza, na kosa hana. Mkanye mama yako kwa adabu, mshike mkono mkeo, mwende nyote wawili hospitali.

Na mkisha kushika sababu, mioyo yenu isitegemee sababu. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura ya Shura kuwa humpa amtakaye watoto wa kike, na amtakaye wa kiume, na amtakaye huwachanganyia, na amtakaye humjaalia tasa. Asiyezaa hakupungukiwa na daraja kwa Mola wake. Nabii Zakariya alipoomba hali yu mzee, Mwenyezi Mungu alimpa Yahya na akamtengenezea mkewe. Tazama: Aliyetengeneza ni Yeye. Basi mwombeni Yeye, na kwa majini msirudi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaruzuku dhuria njema, na awape subira wale ambao kheri yao iko katika jambo jingine. Amin.