Toba ya Wachungaji

Huko Ndera, pembezoni mwa Kigali, ipo hospitali ya maradhi ya akili iliyoasisiwa mwaka 1968 na mabruda wa Kikatoliki ambao shirika lao lilianzia Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, ili kuwahudumia watu ambao aghalabu jamaa zao huwaonea haya. Mahali hapo pa rehema, Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Watutsi waliokimbilia himaya waliuawa pamoja na wagonjwa, baada ya askari wa kigeni kuwaondoa wageni na kuwaacha wenyeji.

Wako waumini waliowahifadhi wanyonge kwa gharama ya roho zao, kama Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, aliyekataa kuwaacha aliowaficha hata akauawa. Lakini wako pia, na inaniuma kulisema, mapadri waliowasaliti kondoo wao, na kwa miaka mingi ikanenwa kwamba dhambi ile ni ya watu binafsi tu. Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya Wakristo walioshiriki mauaji hayo, na Machi 2017 Papa Fransisko akamwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake. Toba hiyo, ingawa ilikawia, ndiyo iliyompa mchungaji idhini ya kunena tena juu ya maovu mengine kama ulevi, dhuluma za ardhi na ukatili wa nyumbani.

Naye atakayepanda mimbari Jumapili hii, namsihi asiwasahau wale ambao kila Aprili majeraha ya nafsi huwarudia, akawaombee kwa maneno, kisha akawazuru.