Sababu Uliyoitoa, Je, Ndiyo Sababu Uliyo Nayo?



Jumapili moja baada ya Misa, bwana na bibi wa parokia yetu walinijia nyumbani na karatasi mkononi. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Ilipofunguliwa niliona safu mbili zilizopigwa mstari kwa rula. Juu ya safu ya kwanza waliandika Subaru Forester, juu ya ya pili Nissan X-Trail. Wakasema, "Mwalimu, tumebishana wiki tatu sasa. Tuamulie."

Mimi sina gari. Nina pikipiki, na habari yake nitawaeleza baadaye. Hata hivyo niliisoma karatasi ile kwa makini, nami naomba tuisome pamoja. Wengi wenu mtaandika karatasi ya namna hiyo siku moja, na ikiwa si ya gari, basi ni ya shamba, ya shule au ya ng'ombe wa maziwa.

Tuanze na magari yenyewe. Forester waliyoitaka ni ya umbo lililotengenezwa tangu 2012 hadi 2018. X-Trail ni ya umbo lililoanza mwishoni mwa 2013. Walitafuta magari yaliyokwisha tumika hapa nchini, kwa kuwa sheria ya Kenya haikubali kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Injini za kawaida za magari hayo ni za lita 2. Mitungi ya Subaru imelala ubavu, miwili huku na miwili huku, hivyo uzito hukaa chini. Ya Nissan imesimama katika mstari mmoja. Forester za kutoka Japan huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. X-Trail ya magurudumu manne ina kitufe cha kuzungusha, nawe huchagua mawili kwa lami au manne kwa matope. Forester imeinuka kutoka ardhini sentimita 22, na X-Trail hupungukiwa na sentimita moja au mbili tu. Karibu zote hutumia giaboksi ya CVT ambayo hudai mafuta yake maalumu, kwa hiyo anayeogopa moja kwa sababu hiyo hana budi kuogopa na ya pili. Forester ina viti vitano. X-Trail nyingine zina viti saba, ingawa safu ya nyuma kabisa yafaa watoto tu.

Mnaona wenyewe kwamba tofauti si kubwa. Mbona basi wiki tatu za ugomvi?

Bwana alikuwa ameandika kwamba Forester yafaa kwa sababu ya barabara yetu mbaya. Bibi aliandika kwamba X-Trail yafaa kwa sababu ya petroli. Hakuna aliyeandika uongo. Barabara yetu wakati wa mvua za Aprili hata punda huikataa, na petroli sote twajua jinsi inavyotuumiza.

Nikamwuliza bwana, "Fundi akija kesho akapima, akakuta X-Trail ndiyo iliyoinuka zaidi, utaichukua?" Akanyamaza. Nikamgeukia bibi. "Nawe ukionyeshwa kwamba Forester ya kawaida hainywi petroli kupita X-Trail, utaikubali?" Akatazama mikono yake.

Chai ilipoa, ndipo maneno yakatoka. Bwana hakutaka Forester yoyote ile. Alitaka ile ya turbo, yenye nguvu za farasi 280, karibu mara mbili ya ile ya kawaida. Kila Krismasi ndugu zake hufika kwa mama yao na magari, naye hushuka kwenye stejini na kutembea na sanduku begani, watoto wakimfuata katika vumbi. Bibi naye hakuwa akifikiria petroli. Mama yake mzazi ameumwa magoti, na alitaka kumleta akae nao. Wana watoto watatu. Wakiongeza bibi yao, nyumba inakuwa na watu sita, na gari la viti vitano halitoshi. Aliogopa kusema, kwa kuwa nyumba yao ina vyumba viwili vya kulala tu.

Wapendwa, hapa ndipo penye swali la leo. Je, mtu anaweza kumdanganya mwenzake kwa maneno ya kweli tupu?

Mimi naamini anaweza. Uongo haumo katika neno peke yake, umo pia katika kazi unayolipa neno lile. Ukimpa mwenzako sababu ambayo ni kweli, lakini siyo inayokusukuma, umempeleka kupigana mahali ambapo wewe hupo. Atakujibu kuhusu barabara, atakuletea vipimo, atashinda hoja, na bado hutakubali. Mwishowe atakuona mkaidi, nawe utamwona mkorofi. Kumbe hamjazungumza hata siku moja.

Kipimo cha kujichunguza ni rahisi. Jiulize, "Sababu hii ikiondolewa, je, nitabadili nia?" Ukiona hutabadili, hiyo si sababu yako. Ni nguo uliyoivalisha sababu nyingine.

Najua mtaniuliza, "Mwalimu, je, kila tamaa ya moyo lazima isemwe? Mtu mzima hana siri yake?" Swali hilo ni la haki. Yapo mambo madogo ambayo mtu hubaki nayo, na ndoa haiharibiki. Lakini tamaa inayotaka kulipwa kutoka mfuko wa wawili haiwezi kuwa siri ya mmoja. Mkopo wa SACCO utakatwa mshahara mwezi baada ya mwezi, na wadhamini wameweka akiba zao. Mwenzako atalipa nusu ya tamaa yako. Je, si haki yake kujua analipia nini?

Tena, tamaa ikisemwa hupimika. Tuseme gari moja huenda kilomita 10 kwa lita, na la turbo kilomita 8. Kwa kilomita 1,000 kila mwezi, la kwanza litakunywa lita 100 na la pili lita 125. Hizo ni lita 25 zaidi kwa mwezi, lita 300 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei ambayo EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Sasa bwana anaweza kujiuliza kama furaha ya kufika Krismasi kwa kishindo inastahili lita 300. Labda atasema ndiyo, labda hapana. Bwana wetu alisimulia habari ya mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Lakini huwezi kuhesabu gharama ya kitu ambacho hujakitaja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la nyumbani lazima liandike hata yale ya moyoni.

Anayesikiliza naye ana wajibu wake. Mumeo akikuambia kwamba ameona haya kwa miaka kumi mbele ya ndugu zake, usicheke. Mkeo akikuambia habari ya mama yake, usikimbilie kuhesabu vyumba. Watu wengi huficha sababu zao kwa sababu siku moja walizisema, wakachekwa.

Niliahidi habari ya pikipiki. Niliponunua yangu nilimwambia mama watoto kwamba nataka ile kubwa ili nifike vigangoni, ambako kuna vilima. Vilima vipo kweli. Lakini ile ndogo ingevipanda, na fundi alikuwa ameniambia hivyo. Nilipenda tu mlio wa ile kubwa. Mwaka ule sare za shule zilichelewa. Mama watoto alipogundua hakunigombeza. Alisema, "Ungeniambia unaipenda, tungepanga." Maneno hayo yaliniuma kuliko ugomvi. Nilikuwa nimemwona kama mlango uliofungwa, kumbe sikuwa nimebisha hodi.

Basi nikawarudisha wale wawili nyumbani na karatasi mpya, kila mmoja aandike sababu moja tu, ile inayomsukuma. Niliwaongezea mambo matatu: watafute fundi wao wenyewe, asiwe wa muuzaji, waulize NTSA rekodi ya gari kabla ya kutoa hata shilingi, wajue mwenyewe ni nani na kama lina deni, na wakienda kulitazama, waende na yule mama wa magoti.

Walikwenda. Mama alijaribu kupanda Forester, kisha X-Trail, akasema yote mawili ni marefu kwake. Walinunua X-Trail ya viti saba, pamoja na kigoda kidogo cha mbao cha kukanyagia. Bwana aliniambia kwamba bado huitamani ile ya turbo. "Lakini sasa," akasema, "yeye anajua naitamani." Krismasi ile mkewe aliliosha gari mwenyewe alfajiri, kabla ya safari.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika jambo tunalobishania sasa, sababu ninayoitoa ikiondolewa, nitabadili nia?

2. Kuna tamaa niliyowahi kumwambia mwenzangu, akanicheka? Na yeye je, niliwahi kumcheka?

3. Ni kitu gani tumenunua ambacho mmoja wetu hajajua hadi leo kwa nini kilinunuliwa?