Mchanga Ulioko Mlangoni

Kijana wangu, zima hiyo grainda kwanza. Jambo hili nimelisema hapa Kariobangi Light Industries mpaka sauti imekauka, na kila mwaka wanagenzi wapya wanaingia, nami naanza upya.

Hilo ganda la injini ya Volkswagen Beetle unadhani ni alumini. Hebu liinue. Umeona lilivyo jepesi? Ni magnesiamu. Likwaruze kwa tupa, ulidondoshee siki: magnesiamu hutoa povu papo hapo, alumini itakutazama tu. Sasa inama chini ya benchi. Unga wa kijivu wa wiki nzima, na cheche zako zinauangukia.

Ukishika moto, mwali wake ni mweupe wa kuumiza macho, joto linapita nyuzi 2,000. Najua mkono utakimbilia jerikeni ya maji. Usithubutu. Magnesiamu inayowaka hunyang'anya maji oksijeni, ikabaki haidrojeni, nayo hulipuka. Mwaka 1955, kwenye mbio za magari za Le Mans kule Ufaransa, waokoaji walilimwagia maji gari lenye bodi ya madini haya. Moto ukazidi.

Na ule mtungi mwekundu ukutani? Ni wa kaboni dayoksaidi, na hewa hiyo nayo magnesiamu inaila. Upo mtungi wa daraja D, wenye poda ya jamii ya chumvi ya mezani, inayoganda juu ya moto kama ukoko wa wali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka karakana iwe na vifaa vinavyofaa. Mwenye karakana nimemwambia. Bado analia bei.

Basi ni mchanga. Si huo wa nje ulionyeshewa jana. Unyevu wake ni maji yale yale. Ni mchanga uliokaangwa juu ya bati ukakauka kabisa, ukafunikwa. Haurushwi, maana utatimua unga, na unga hewani ni baruti. Unautandaza polepole kwa beleshi la mpini mrefu, kisha unaondoka. Usichokoe kuangalia kama umezima. Mimi nilichokoa, wewe hujazaliwa, na mpaka leo mkono huu haufungi kifungo cha shati.

Jana nimekuta debe la mchanga la mlangoni mmeligeuza kiti, ndani mna maganda ya ndizi na masalio ya chai. Limwage. Ukaange mchanga mwingine leo, kabla hujarudi kwa hiyo grainda.