Mkojo Umemtoka

Ndugu walimu, swali tunalolileta katika ukurasa huu huenda likawachekesha baadhi yenu, nasi hatutawakataza kucheka. Mtu aliyefuga mbwa jike, akamtumia kwa ulinzi miaka mingi, akamtoa kizazi ili asizae ovyo, ana deni gani kwake siku mbwa huyo anapozeeka na mkojo kuanza kumtoka bila kujijua? Wenye kuandika juu ya maadili hupenda kuanza na mambo makubwa, kama vile uhuru, haki na ukweli. Sisi haki tulikutana nayo barazani, juu ya gunia lililolowa.

Mbwa wetu anaitwa Sijali. Jina hilo hatukumpa sisi. Alikuja nalo kutoka kwa mwenyewe wa kwanza ambaye, kama ilivyo desturi ya wengi katika nchi zetu, alimwita mbwa wake kwa neno alilotaka jirani walisikie. Ameulinda ua wetu hapa pembezoni mwa mji wa Kampala tangu angali mtoto. Alipotimiza miaka mitatu alizaa kwa mara ya pili, watoto saba, na watano kati yao hatukupata wa kuwapa. Yaliyowapata watano hao hatutayaeleza. Baada ya hapo tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, akamtoa kizazi pamoja na ovari, na kwa miaka saba hatukulifikiria tena jambo hilo.

Asubuhi moja tukakuta gunia lake limelowa. Asubuhi ya pili vivyo hivyo. Twakiri kwamba tulimfukuza kwa ufagio, na siku moja ufagio huo ulimfika mgongoni. Tena tulifanya jambo baya zaidi tukidhani ni busara: tulimwondolea bakuli la maji tangu magharibi. Sijali hakubweka wala hakukimbia. Alilinusa gunia, akatutazama, akalinusa tena, kama mtu aliyekuta mzigo wa mgeni chumbani mwake.

Daktari tuliyemwendea alituuliza swali moja kabla hajamgusa mnyama: "Mwalimu, huyu anakojoa, au mkojo unamtoka?"

Hatukuwa na jibu, na jambo hilo lilituaibisha, maana sisi ndio tunaosahihisha sarufi za watoto wa watu tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Tukisema "Sijali amekojoa", Sijali ni kiima, naye ndiye mtenda, ametaka, akafanya. Tukisema "mkojo umemtoka Sijali", mkojo ndio uliotenda, na Sijali amebaki kile kiambishi kidogo katikati ya kitenzi, mtu anayepatwa na jambo. Hata tukisema "ametokwa na mkojo", tukamrudisha mbele ya sentensi, bado hatujampa kosa. Sisi barazani tulikuwa tumetumia sentensi ya kwanza bila kuipima, na ufagio ukafuata sarufi. Kiswahili kina neno jingine lenye ukali zaidi, nalo ni "kikojozi". Walimu wenzetu watakumbuka kwamba umbo hilo ndilo linalotupa kinyozi na kiongozi, watu wajulikanao kwa kazi zao. Basi mwenye kupatwa na udhaifu wa kibofu amegeuzwa kuwa mwenye ufundi wa kukojoa! Bibi yetu mmoja, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akizificha kanga zake chini ya kitanda kwa kuliogopa neno hilo. Hapana aliyempiga, lakini hapana aliyembadilishia sentensi.

Turudi kwa mnyama. Daktari alitueleza kwamba mkojo wa mbwa huzuiwa na misuli iliyouzunguka mrija utokao katika kibofu, na kwamba misuli hiyo, kwa jike, husaidiwa na homoni ya estrogeni itengenezwayo katika ovari. Zikiondolewa ovari, baadhi ya majike hupungukiwa na nguvu za mrija huo, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka mingi. Si majike wote wanaopatwa, na wenye miili mikubwa hupatwa zaidi kuliko wadogo. Anapotembea aweza kuwa mkavu kabisa. Anapolala na misuli kulegea, mkojo hupita. Yeye mwenyewe hana habari.

Hata hivyo hakutupa dawa siku hiyo. Alitaka kwanza kuupima mkojo, kwa sababu maradhi ya kibofu, ya figo na ya kisukari pia huleta maji barazani, na kila moja lina tiba yake. Akatugombeza juu ya lile bakuli. Mbwa anywaye maji mengi huenda anayanywa kwa sababu mwili wake unayapoteza, na kumnyima ni kumwongezea ugonjwa. Vipimo vilipoonyesha kuwa hana maradhi hayo, ndipo akatueleza habari za dawa.

Ziko za namna mbili zitumikazo sana. Ya kwanza ni fenilpropanolamini, ambayo huikaza misuli ya mrija. Hutolewa kila siku, mara nyingi zaidi ya mara moja, nayo yaweza kumfanya mbwa akose utulivu au hamu ya chakula na kuipandisha shinikizo la damu yake. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo hapewi bila hadhari. Ya pili ni estrioli, ambayo ni estrogeni isiyo kali. Hiyo huanzwa kwa kawaida kwa miligramu 2 kila siku kwa siku 14, kisha hupunguzwa mpaka kufikia kipimo kidogo kabisa kinachotosha. Ajabu yake ni kwamba kipimo hakifuati uzito wa mbwa. Kila mmoja hutafutiwa chake kwa subira. Zote mbili haziponyi. Ukiziacha, maji hurudi.

Dawa hizi zina historia yenye mafunzo. Mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe fenilpropanolamini katika dawa za mafua na za kupunguza unene za binadamu, kwa kuwa ilihusishwa na kuvuja damu katika ubongo, hasa kwa wanawake. Mwaka 2011 mamlaka hiyo hiyo iliikubali kwa mbwa wenye udhaifu tunaousema, na mwaka huo huo ikaikubali na estrioli. Mwenzetu mmoja aliposikia hayo alisema, "Kumbe mbwa hupewa makombo ya binadamu hata katika dawa!" Sisi hatuoni hivyo. Kupungua kwa mafua na kupungua kwa kilo mbili tatu ni faida ndogo, wala hazistahili hatari ya ubongo. Mnyama alalaye katika mkojo mpaka ngozi inachubuka ana faida nyingine ya kuwekwa mizanini. Na estrogeni nayo imekwisha kuonyesha kwamba haina upendeleo. Ile iitwayo dietilistilbestroli walipewa wanawake wajawazito tangu miaka ya 1940, mpaka mwaka 1971 ilipobainika kuwa mabinti waliozaliwa waliweza kupatwa na saratani kwa sababu yake. Mbwa nao walipewa dawa hiyo kwa udhaifu huu wa mkojo, na ilijulikana kwamba estrogeni ikizidi yaweza kuuharibu uboho wa mifupa yao. Ndiyo sababu daktari wetu alikuwa akirudiarudia lile neno lake, "kidogo kinachotosha".

Sasa tulitazame deni lenyewe. Wengi hudhani kwamba deni huzaliwa na kosa. Basi huuliza: je, mlikosea kumtoa kizazi? La, hatukukosea. Jike asiyetolewa kizazi huweza kupatwa na usaha katika tumbo la uzazi, ugonjwa uuao. Na wale watoto watano wangefuatwa na wengine watano, na wengine tena. Jambo hilo tungelifanya tena kesho. Lakini sarufi haituachii njia ya kutokea hapo. "Sijali ametolewa kizazi" ni sentensi ya kutendwa, na kila mwanafunzi wa kidato cha pili ajua kuuliza: na nani? Alitolewa na sisi, kwa faida yetu na kwa amani ya mtaa wetu, naye hakuulizwa. Mtu aweza kutenda lililo sawa na bado akadaiwa matokeo yake, kama vile mwenye kuchimba kisima kwa manufaa ya wote adaiwavyo kukifunika. Tukisema kwamba hatuna kosa, tumesema kweli. Tukiendelea kwamba basi hatudaiwi, tumeruka hatua.

Mwalimu mwenzetu, mtu mwema tunayemheshimu, alitupinga vikali katika chumba cha walimu. "Bwana mkubwa," alisema, "wako watoto hapa shuleni wanaougua malaria na wazazi wao hawana cha kununulia dawa. Wewe wamnunulia mbwa vidonge kila mwezi?" Hoja hii ina uzito, wala hatuwezi kuipuuza. Kwa hakika fedha ya vidonge ilitoka katika soda na magazeti yetu, wala haikuwa njiani kumfikia mtoto yeyote. Lakini jibu hilo latuhukumu sisi zaidi ya kututetea. Jibu letu la kweli ni jingine. Sadaka huchagua mhitaji zaidi. Deni humfuata adaiye. Mtu hawezi kumnyima mlinzi wake mshahara kwa hoja kwamba jirani ana njaa kuliko mlinzi, ingawa ni wajibu wake kumsaidia jirani pia.

Hata hivyo madeni hayalingani. Mwezi ule akiugua mmoja wa watoto wetu, au akitujia mwanafunzi yule asemwaye na mwenzetu, vidonge vya Sijali vitasimama, nasi hatutaona haya. Kitakachobaki ni yale yasiyohitaji fedha nyingi: gunia kavu kila jioni, maji ya kumwosha mapajani ngozi isichubuke, bakuli lisiloondolewa, na ufagio usioinuliwa. Hayo hatuwezi kuyasimamisha kwa sababu ya umaskini, maana hata maskini kabisa huyaweza.

Jirani mwingine alishauri sindano ya kumlaza, akasema ni huruma. Tulimwuliza: huruma kwa nani? Mbwa huyu hula vizuri, hubweka mgeni akifika langoni, na udhaifu wake peke yake haumwumizi akitunzwa akiwa mkavu. Kinachoumia ni pua zetu. Siku atakapokuwa na maumivu yasiyozuilika, jirani yetu atakuwa amesema kweli, na pengine ndiye tutakayemwomba aandamane nasi. Kwa sasa tumemwambia kwamba neno hilo lilinde maana yake.

Kuna jambo ambalo bado hatujalimaliza mioyoni mwetu. Waswahili husema mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi, na methali hiyo humtaja mnyama ili kumsuta mtu. Mwalimu hufundisha methali hiyo mwaka baada ya mwaka bila kujiuliza kama mnyama naye aweza kutufadhili, na sisi tukawa ndio wenye maudhi. Tulimwuliza mwanafunzi mmoja, akajibu kwamba mbwa hafadhili, hufanya kazi tu. Tulimpa alama, lakini tungali twafikiri.

Vidonge vya estrioli vilichukua majuma matano kutufikia kwa njia za daktari. Vimebaki tisa. Sijali humeza chake asubuhi ndani ya kipande cha ugali, na katika majuma sita yaliyopita gunia limelowa mara tatu. Mtoto wetu mdogo ndiye alitoaye taarifa kila alfajiri kabla ya kwenda shule, naye husema, "Leo umemtoka kidogo," kisha hulianika gunia juani.